Pasi Baridi

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Friji hajui kupika, naye hakuwahi kubishana na mtu juu ya jambo hilo. Mpe kompresa iliyokufa, ataihangaikia mpaka iungurume. Mpe sufuria ya wali, chini utakuta mkaa na juu mchele. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: mafriji yamepangwa ukutani milango wazi, mabomba ya shaba yamejikunja kwenye misumari, mtungi wa gesi uko chini ya meza, na yeye mwenyewe yuko katikati na ovaroli yake, mikono imekunjwa, bisibisi nyuma ya sikio.

Aliyepika katika nyumba hiyo alikuwa mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani, mwembamba wa kupeperushwa, na watu walimwita Sindano tangu ujana wake. Cherehani yake ilikaa chumba cha pili, jirani na jiko, kwa hiyo aliweza kupiga pindo la suruali huku sikio liko kwenye sufuria. Zamani alikuwa akishona makoti meupe ya wapishi wa hoteli moja, na mpishi mkuu wa pale, mtu wa tumbo kubwa asiyeweza kunyamaza akipimwa, alimsimulia mapishi huku mikono yake iko hewani na futi imemzunguka kiunoni. Ndivyo Sindano alivyookota habari za kidari cha bata kwa mchuzi wa machungwa. Alikwenda nacho nyumbani kichwani, akajaribu, akaharibu, akarudia, mpaka kikawa chake. Binti yao alipofaulu mitihani walikula bata. Mama Friji alipopata kazi ya kutengeneza chumba cha baridi cha wauza nyama walikula bata. Sindano hakuandika popote namna ya kukipika. Kilikaa mkononi na mdomoni mwake, basi.

Ndugu za Sindano hawakufurahia mpango huo wa nyumba. Dada yake, ambaye Mama Friji alimwita Wifi Mkubwa, alikuwa matroni mstaafu wa bweni la wasichana, mwanamke aliyezoea kupanga vitanda na watu walio juu yake. Aliwahi kusema mbele ya wageni, "Kaka yangu hakuoa mke, aliajiri fundi."

"Na fundi mwenyewe anashiba, wifi," Mama Friji alimjibu, akaendelea kula.

Basi mambo yakaenda hivyo miaka mingi. Kisha asubuhi moja Mama Friji akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, akasikia cherehani ya mumewe inanguruma bila kupumua. Sindano alikuwa na mkono wa kupiga mshono na kusimama, kupiga na kusimama. Siku hiyo mashine ilikwenda tu. Alipoingia alimkuta ameegemea upande wa kulia, mguu umebaki kwenye kanyagio, na pazia zima limejikusanya chini ya sindano kama fungu la uchafu.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali ilimrudisha nyumbani anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia unaning'inia, na maneno yamechanganyika. Daktari alisema duka halijaungua, rafu tu zimepinduka: kila bidhaa ipo, ila mwenye duka haioni pale alipoiacha. Sindano alijua kila mtu, alicheka mahali pa kucheka, na alicheza karata kwa mkono wa kushoto akiiba vilevile kama zamani. Lakini akitaka maji alisema "kifungo". Akitaka kufungiwa dirisha alisema "kola". Maneno ya ushonaji ndiyo yaliyokuwa karibu na mlango, na yalitoka yakiitwa au yasipoitwa.

Masharti yalikuwa machache na yenye mantiki. Chumvi kidogo sana. Mafuta yapunguzwe. Ale ameketi wima, chakula kiwe na majimaji, kikatwe vipande vyembamba, na asiharakishwe. Mama Friji aliyashika yote kichwani. Wifi Mkubwa aliyashika pia, ila yeye aliyaongezea ya kwake.

Alianza kuja kila jioni na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na supu isiyo na chumvi, na pia isiyo na kitu kingine chochote. Kila kilichotiwa humo kilikuwa kimesagwa mpaka kikakosa jina. Alimfunga kaka yake taulo shingoni, akamwinulia kijiko. "Fungua mdomo. Fungua, mtoto mzuri." Sindano alifunga midomo kama mkoba. Alipojaribu kusema kitu, dada mtu alimmalizia: "Unataka kulala? Haya, ulale." Hakutaka kulala. Mama Friji aliyaona hayo akiwa mlangoni na grisi mikononi, akayameza, kwa sababu yule ni dada wa mtu, na mtu mwenyewe ni mgonjwa, na yeye hana sufuria ya kuweka mahali pa ile.

Sindano akakonda. Mwembamba akizidi kukonda unaogopa kumtazama.

Siku ya Alhamisi Wifi Mkubwa aliweka sufuria chini, akavuta kiti, akatangaza kama aliyesimama mbele ya bweni: "Jumapili namchukua. Nimeshatandika chumba. Kinyozi atakuja kunisaidia kumbeba." Kinyozi ni mdogo wao, wa mwisho kuzaliwa, mwenye kibanda cha kunyolea karibu na kituo cha mabasi.

"Unampeleka wapi?" Mama Friji aliuliza.

"Kwangu. Si unaona hali yake? Hapa nani atampikia, wifi? Wewe? Utamkaangia waya?"

Mama Friji aliiondoa bisibisi nyuma ya sikio, akaiweka mezani polepole. Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani na taulo lake shingoni, akimtazama. Hakuwa akiomba kitu. Alikuwa akingoja tu kusikia mkewe atasema nini, kama vile na yeye hajui. Hilo ndilo lililomchoma.

"Jumapili njooni wote," alisema. "Njooni na njaa. Mtakula hapa."

"Tutakula nini?"

"Bata. Kidari cha bata na mchuzi wa machungwa."

Wifi Mkubwa alicheka kicheko kifupi cha puani, akabeba sufuria yake. "Bata," alimwambia kaka yake akipita. "Umesikia maajabu?"

Sindano alikuwa amesikia. Tangu dada yake aanze kuja na supu hakuwa ameonyesha meno, lakini sasa upande mmoja wa mdomo wake ulipanda, na ule mwingine ukajitahidi kuufuata.

Ijumaa Mama Friji alifunga karakana mapema akaenda sokoni. Mama anayeuza kuku na bata hakuwa na habari ya kidari peke yake. "Bata ananunuliwa mzima, dada. Unataka kifua, kifua kiko humo humo." Akarudi na bata mzima aliyekwisha kunyonyolewa. Njiani alipitia duka la dawa, maana alikuwa na wasiwasi wa fundi anayefungua mashine asiyoijua. Mwenye duka alitazama dawa za Sindano, akamwambia machungwa hayana neno, ndimu hazina neno, ila balungi asimpe kabisa, linagombana na dawa ile moja. Balungi likaachwa sokoni.

Alimweka mumewe kwenye kiti jikoni, akamlaza bata kwenye ubao, akasema, "Haya, bosi. Mikono ni yangu, kichwa ni chako. Naanzia wapi?"

Sindano aliuinua mkono wa kushoto akachora mstari hewani. "Mshono," alisema. "Fuata... mshono."

Mama Friji alipapasa kifua cha bata kwa kidole, akaukuta mfupa wa katikati, mrefu na mkali. Kisu kikashuka ubavuni mwake, kikiukwaruza mfupa, na kidari kikaanza kubanduka taratibu kama mfuko wa koti. Cha kwanza kilitoka na makovu. Cha pili kilitoka kizima. Alifuta jasho kwa kiwiko akahisi, kwa mshangao wake mwenyewe, kwamba kazi hii haimtishi. Ni kufungua kitu na kuona kimefungwaje, basi.

"Chaki," Sindano alisema, akionyesha ngozi. "Chaki. Si mkasi."

Hilo nalo alilielewa: achore ngozi kwa kisu, mistari ya kupishana, asikate mpaka kwenye nyama. Akachora. Kisha akawasha jiko, akabandika kikaango, akakiacha kipate moto kisawasawa, kama alivyoona watu wakifanya kwenye kila jiko alilowahi kuchungulia.

Sindano akaanza kuhangaika. "Pasi," alisema. "Pasi baridi."

"Bado baridi?" Mama Friji akaongeza moto.

"Pasi baridi. Baridi!"

"Nimeongeza, baba, subiri." Akaongeza tena, mpaka mwisho. Kikaango kikaanza kutoa moshi. Akakilaza kidari humo ngozi chini, na mafuta yakaruka kama yamekosewa adabu, yakamchoma kifundo cha mkono, yakafika ukutani. Moshi ukajaa. Sindano alikuwa akipiga fimbo sakafuni, uso umemwiva, akirudia neno lile lile, naye alikuwa akimjibu kwa ukali sasa, kwamba kikaango kinakaribia kuyeyuka, ubaridi gani tena anaoutaka.

Katikati ya hayo mlango ulifunguliwa, Wifi Mkubwa akaingia na sufuria yake.

Hakupaza sauti. Aliweka sufuria chini, akafungua madirisha yote, akazima jiko, akakiinua kidari kwa ncha za vidole. Ngozi ilikuwa nyeusi kama tairi, na nyama ilikuwa mbichi, inadondosha damu. Alikitia kwenye ndoo ya taka, akanawa mikono kwa sabuni, akaanza kumfunga kaka yake taulo.

"Utamuua kwa moshi kabla ya kumuua kwa njaa," alisema bila kugeuka. "Jumapili, wifi. Usijisumbue tena."

Mama Friji alisimama pale na mkono wake uliochomwa, akatamani kusema maneno ambayo mwanamke hamwambii dada wa mumewe. Hakuyasema. Lakini kidari cha pili, ambacho Wifi Mkubwa hakukiona kwa sababu kilikuwa upande wa pili wa ubao, alikifunika kwa sahani, akakitia kwenye friji ya mteja iliyokuwa karibu, akaifunga kwa goti.

Kesho yake asubuhi alikuwa karakanani akilehemu bomba, kichwa chini, hasira haijatoka, Sindano alipoingia kwa fimbo yake. Kwapani alikuwa amebana pasi ya umeme, ile ya kazini kwake, waya unaburutika nyuma. Alivuta kiti kwa mguu, akakaa. Akachukua mkono wa mkewe, ule usiochomwa, akaugeuza kiganja juu, akakiweka chuma cha pasi juu ya kiganja.

"Pasi," alisema. "Baridi."

Ilikuwa baridi kweli, ya kulala mezani usiku kucha. Kisha akatandaza kitambaa kwenye meza ya kazi, akailaza pasi juu yake vile vile ilivyo, na baada ya hapo tu ndipo alipoelekeza kidole kwenye soketi ya ukutani. Akangoja. Mama Friji akachomeka waya. Sindano akazungusha kitufe cha moto kidogo sana, kwenye alama ya kitambaa laini, na wote wawili wakaiangalia pasi ikipata joto pole pole ikiwa imeshalala juu ya nguo.

"Kikaango," Mama Friji alisema. "Nyama inaingia kikaango kikiwa baridi. Halafu ndiyo nawasha."

Sindano alipiga meza kwa kiganja, mara moja, kama hakimu aliyemaliza kesi. Kisha akaanza kucheka, na yeye akacheka pia, akakumbuka jinsi alivyozidi kuongeza moto huku mtu anamwambia apunguze, akacheka mpaka akakaa chini kati ya mafriji.

Kidari cha pili walikipika mchana ule ule. Kikaango baridi, ngozi chini, moto mdogo. Mwanzoni hakikutoa hata sauti, na mkono wa Mama Friji ukawasha kutaka kuongeza. Sindano akautazama mkono huo, ukarudi. Kisha kikaanza kunong'ona. Mafuta yakatoka kwenye ngozi yakatanda, naye akayamwaga kwenye kopo, yakatoka tena akayamwaga tena, mpaka ngozi ikabaki nyembamba, kavu, rangi ya kahawia ya kiatu kipya. Sindano alilitazama kopo kwa huzuni ya wazi.

"Daktari," Mama Friji alimkumbusha.

"Pindo," Sindano alinung'unika, akionyesha kopo la mafuta, kisha viazi vilivyokuwa dirishani, kwamba vikaangwe humo.

"Hata kijiko hupati. Geuza uso."

Mifupa ya bata alikuwa ameshaichemsha bila chumvi, akaichuja. Akamenya machungwa. Hapo Sindano alikataa ganda la kwanza, akalirudisha. "Bitana," alisema. "Toa bitana." Ule utando mweupe chini ya ganda, ndio wenye uchungu. Mama Friji aliukwangua kwa kisu cha kukatia mabomba, akabakiza ngozi ya nje tu, akaikata nyembamba kama nyuzi. Sukari kidogo kwenye kisufuria mpaka ikabadilika rangi, siki juu yake ikafoka, maji ya machungwa, maji ya mifupa, tone la ndimu. Aliuacha mchuzi uchemke mpaka ukapungua na kuanza kung'ang'ania mwiko. Mwisho kipande cha siagi kisichozidi kifungo, na hilo walikubaliana bila ugomvi.

Alipotaka kukata nyama, mumewe alimzuia. "Tundika kwanza." Nguo ikitoka kwenye pasi haivaliwi papo hapo, inatundikwa ipumue. Basi nyama ikapumua kwenye ubao, wao wakiwa wameikodolea macho. Alipoikata ilikuwa ya waridi katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, vipande vyembamba vinavyolala kimoja juu ya kingine, na hakuna damu iliyokimbia.

Hawakuandika meza. Sindano alikula ameketi wima, polepole, kwa mkono wa kushoto, mchuzi ukimsaidia kuteremsha kila tonge. Hakukuwa na chembe ya chumvi ndani yake, na hakuna aliyeikumbuka. Ndimu na machungwa vilikuwa vimeshika nafasi yote. Alimaliza. Akaifuta sahani kwa mkate. Kisha akamtazama mkewe kwa muda, akatafuta neno, akalikosa, akaacha.

"Najua," Mama Friji alisema. "Bado kidogo ngozi ya pembeni, nimeiona." Kabla jua halijazama alirudi sokoni, akanunua bata wengine wawili kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili Wifi Mkubwa alifika na sanduku tupu mkono mmoja, na sufuria yake mkono wa pili. Kinyozi alimfuata nyuma, mnyenyekevu, akiwa amevaa shati la kutokea, akinusa hewa. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Mama Friji hakuwa amevua ovaroli, maana alifikiri kuivua kungekuwa ni kuomba radhi kwa kitu fulani. Alikuwa ameifua tu.

"Karibuni. Sanduku liweke pale mlangoni, wifi, lisichafuke."

Aligawa. Viazi vya kuchemsha, vipande vya bata, mchuzi juu yake. Wifi Mkubwa aliinua kipande kwa uma, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii mbichi."

"Si mbichi. Ni ya waridi. Ndivyo inavyoliwa."

"Umenialika nije nile damu?"

"Ukitaka iliyoungua, ile ya Ijumaa iko kwenye taka, uliitia mwenyewe."

Kinyozi akakohoa kwenye mkono wake. Wifi Mkubwa aliweka uma chini, akamgeukia kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kipande cha tatu na hana habari na mtu. Alivuta sahani ya kaka yake, akafungua kile kitambaa cha sufuria. "Wewe kula hiki ulichozoea," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika kijiko.

Mama Friji alinyoosha mkono, akaushika ule wa wifi yake kifundoni. Hakuubana. Aliushika tu, kama anavyoshika bomba linalotikisika.

"Wifi. Mrudishie sahani yake."

Muda mrefu sasa hakuna aliyekuwa amemgusa Wifi Mkubwa namna hiyo. Aliutazama mkono, akamtazama mwenye mkono. Sahani ikarudi.

"Sawa," alisema, sauti yake sasa imekuwa nyembamba. "Ale. Lakini leo anaondoka na mimi. Mwulizeni mwenyewe. Amechoka na kelele za mafriji, amechoka na..."

"Mimi," Sindano alianza.

"Mimi nimechoka, si ndiyo, kaka? Mimi nataka..."

"Mwache amalize," Mama Friji alisema. "Tuna siku nzima. Kaa kimya umsikilize."

Wakakaa kimya. Ni vigumu sana kukaa kimya mbele ya mtu anayetafuta neno. Kinyozi aliangalia chini ya meza. Wifi Mkubwa midomo yake ilikuwa inacheza, neno la kumsaidia limefika kwenye meno. Mama Friji mwenyewe alijua sentensi tano ambazo angeweza kumpa mumewe, zote nzuri, na hakumpa hata moja. Sindano alifumba macho, akayafumbua. Mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kitambaa cha meza.

"Mimi," alisema, "nimeshonwa... hapa."

Wifi Mkubwa alivuta pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Mmemsikia? Nimeshonwa. Hata anachosema hakijui. Mtu wa namna hii ndiye..."

"Dada," Kinyozi alisema.

"Nini?"

"Mimi nimemwelewa." Alimeza mate, maana hakuwa mtu wa kumpinga dada yake, na ilionekana wazi. "Na wewe umemwelewa. Tusijifanye."

Wifi Mkubwa aliikunja leso yake vizuri, akaitia mfukoni. Machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Mama Friji hakuwahi kukiona, na hakukitazama sana. Mwanamke yule alikuwa amembeba Sindano mgongoni walipokuwa watoto; pengine hakujua namna nyingine ya kumpenda. Lakini hata hilo lilikuwa haliwezi kumtoa mtu nyumbani kwake.

Aliondoka kabla ya matunda, na sanduku lake tupu. Sufuria aliisahau. Sahani yake ilibaki haijaliwa, na Kinyozi, baada ya kungoja muda wa heshima, akaivuta upande wake. "Shemeji," alisema huku anatafuna, "hii kitu ulijifunza wapi?"

"Mwulize kaka yako. Mimi nilikuwa mikono tu."

Wifi Mkubwa hakusamehe haraka. Aliwapigia simu ndugu wote waliokuwa na simu, akawaambia kaka yake analishwa nyama mbichi na fundi wa mafriji. Simu zikaanza kumiminika karakanani. Mama Friji alizijibu akiwa amebana simu kati ya bega na sikio, mikono yake iko ndani ya mashine. "Ndiyo, shangazi, ya waridi katikati. Ndiyo, anaila yote. Hapana, hajambo, amenenepa. Karibu uje uone." Shangazi mmoja alikuja kweli. Akaondoka anauliza bei ya bata.

Wapo waliodhani kwamba sasa, kwa kuwa amefunguka mkono, atajifunza na mengine. Binti yao alimwambia kwenye simu, "Mama, sasa jaribu wali." Alijaribu, ukaungua, akaugawia kuku wa jirani, na habari ya wali ikaishia hapo. Walikula mayai, viazi, mkate, matunda, mboga zilizochemshwa tu, na mara kwa mara, siku wanayojisikia, kidari cha bata. Jirani mmoja alimwambia kwamba mwanamke wa umri wake hawezi kuishi kwa kujua chakula kimoja. "Mbona nimeishi kwa kujua sifuri," alimjibu, "na hukusema kitu?"

Kiti cha Sindano kilihamia karakanani, kando ya mlango, pale anapoona barabara. Baadhi ya maneno yalirudi kwenye rafu zake, mengine yalikataa. Maji yakawa maji tena. Dirisha limebaki kola mpaka leo, na wateja wa siku nyingi wakiambiwa "fungua kola" wanafungua dirisha bila kuuliza.

Jumamosi moja, miezi ikiwa imeshapita, simu iliita na kwenye kioo likatokea jina la Wifi Mkubwa. Sindano aliliona, akauinua mkono mzima kana kwamba anasema, hiyo ni yako. Mama Friji akapokea.

"Nataka kuja kesho kumwona kaka yangu," ilisema sauti, imenyooka kama kawaida. "Nisije na chakula?"

"Usije na chakula."

Upande wa pili wa simu kikasikika kiti kikivutwa. "Yangu mimi uiache motoni zaidi. Iive."

"Hapana, wifi. Karibu sana, kiti chako kipo, lakini nyama sikaushi." Akaaga kwa heshima, akaiweka simu juu ya friji, akamwambia mteja aliyekuwa anasubiri asogeze taa karibu, maana bomba lilikuwa linavuja na hakuwa ameona wapi.